Kipimo cha Twalibu

Siku mbili baada ya kumfungia Twalibu ndani ya ghala la tumbaku, kamati ya kijiji cha Tupendane ilikuwa bado inajipongeza. Mitungi ya moshi, ile gongo ya kienyeji, ilikuwa imevunjwa, mapipa ya kutonea pombe yametobolewa, na mlevi wa kwanza yumo ndani kwa kufuli. Ilibaki kungoja pombe imtoke. Mwenyekiti, Mzee Abasi, alikwisha mwandikia Katibu Tarafa barua kwamba mwaka huu wa sabini na tano kijiji chake, mwendo wa saa moja tu kutoka stesheni ya Usoke, kimekomesha ulevi kwa siku moja.

Hasira iliyovunja mitungi ilikuwa na sababu. Wiki tatu nyuma Jilala, mkulima hodari, alishindana na wenzake akamaliza chupa nzima ya moshi, akaanguka. Wenzake wakamlaza chali kivulini, wakamfunika kofia usoni ili nzi wasimsumbue, wakaendelea kucheza bao. Ndivyo walevi walivyolazwa kijijini hapo siku zote, mtu aamke mwenyewe akishiba usingizi. Mchezo wa tatu ulipokwisha, Jilala alikuwa amekwisha kupaliwa na matapishi yake mwenyewe akafa. Watu walilia, kisha wakakasirika, na watu waliokasirika hutafuta kitu cha kuvunja.

Maua, mke wa Twalibu, alikubali mumewe afungiwe, na hilo ndilo lililomkaa rohoni baadaye. Alisimama mkutanoni, yeye binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani kule Ng'ambo, Tabora mjini, akasema, "Mfungieni. Siku saba bila tone. Nimechoka." Alikuwa amechoka kweli. Twalibu alikuwa fundi bati, na kijiji kilimhitaji kwa mabomba ya mabani, yale majumba ya kukaushia tumbaku. Lakini ilikuwa mwaka wa pili sasa hawezi kushika lihamu ya kuungia bati kabla hajanywa. Alikunywa alfajiri ili mikono itulie, akanywa mchana kwa kuwa imetulia.

Alasiri ile Maua alipopeleka uji, alimkuta Ng'washi, mgambo aliyelinda mlango, amesimama mbali na mlango wenyewe.

"Shemeji, mumeo anaokota wadudu tangu asubuhi," Ng'washi alisema.

"Wadudu gani?"

"Hakuna wadudu."

Ndani mlikuwa na joto na harufu kali ya tumbaku. Twalibu alikuwa ameketi juu ya robota la tumbaku, shati limelowa jasho, anajichuna mikono na kutupa sakafuni vitu visivyokuwapo. Alipomwona mkewe alitabasamu kwa upole ambao Maua hakuuona siku nyingi.

"Mama," alimwambia, "hawa siafu wametoka wapi? Niondolee."

Mama yake Twalibu alizikwa kabla Maua hajaolewa. Maua aliweka bakuli chini. Alikuwa hajasema neno macho ya Twalibu yalipogeuka juu, mwili ukakakamaa, akaporomoka kutoka kwenye robota na kuanza kutupa miguu na mikono.

Ng'washi akapiga yowe na watu wakajaa mlangoni. Mmoja akasema wasimguse, ni kifafa, mate yake yataambukiza. Mwingine akasema ni pepo wa pombe, anaaga. Mzee Abasi alifika akihema, akatazama, akainua mkono kama anayetuliza mkutano.

"Mwacheni. Ndiyo inamtoka hiyo."

"Inayomtoka ni roho, Ndugu Mwenyekiti," Maua alisema.

Alipiga magoti, akamgeuza mumewe ubavu. Hakuna aliyemfundisha. Alimkumbuka Jilala na ile kofia usoni, basi. Povu likamtiririka Twalibu kwenye sakafu badala ya kurudi kooni. Katikati ya watu wale waliosimama kutazama akapenya mtu mrefu mwenye kofia ya kazi ya reli, akaketi akaishika miguu ya mgonjwa isigonge ukuta. Huyu alikuwa Elieza, Mgogo, nyapara wa genge la reli, aliyekuja kijijini kununua asali tu.

"Leteni kitanda cha kamba," Elieza alisema. "Au mnangoja awe maiti ndipo mjue kubeba?"

"Siku saba hazijatimia," alisema Mzee Abasi.

Ng'washi aliyapima yale mawili, amri na mtu aliyekuwa chini, akaenda kuleta kitanda. Maua hakumsahau kwa hilo.

*

Raymundi, mganga wa zahanati, alikuwa kijana mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimchoma Twalibu sindano ya kumtuliza, akasubiri hadi pumzi zikae sawa, ndipo akawageukia Maua na Elieza.

"Nani aliyemkatia pombe ghafla?"

"Mimi," Maua alisema. "Mimi na kijiji kizima."

"Mngemuua. Mwili uliokunywa kila siku miaka miwili umesahau kuishi bila pombe. Ukiukatia mara moja, ndiyo haya: anatetemeka, anaona wadudu, anaanguka, na anaweza kufa. Jilala aliuawa na kuzidisha. Huyu mlitaka afe kwa kukatiwa."

"Ni kama treni," Elieza alisema polepole. "Ukiibana breki ghafla, mabehewa yanapandana."

"Ndivyo. Sasa nisikilizeni. Sindano ile ilikuwa ya mwisho. Dawa yenyewe iko hospitali mjini, na kwa hali hii simpandishi treni, atanifia njiani." Raymundi alivua miwani akaifuta. "Anywe. Lakini apimiwe."

Maua alidhani hakusikia vizuri. Raymundi akachukua kopo tupu la maziwa na msumari, akakwaruza mistari ndani yake, mmoja chini ya mwingine, hadi kumi.

"Si moshi. Moshi haujulikani ukali wake, leo unachekesha, kesho unazika. Pombe ya mtama, ile ya kilabuni, iliyochujwa. Mara tano kwa siku. Kuanzia kesho: siku ya kwanza hadi mstari wa juu, ya pili wa pili, ya tatu wa tatu. Siku ya kumi na moja hakuna kitu. Kati yake ale, anywe maji yenye asali na chumvi kidogo. Akianza tena wadudu, mniite mimi, siyo kamati."

"Daktari," Maua alisema, "baba yangu alisomesha Kurani miaka thelathini. Mimi nyumbani kwangu hata siki siigusi bila kuuliza. Unaniambia nikanunue pombe?"

"Nakuuliza, unataka mume au unataka sifa."

Maneno yale yalimuuma Maua, na yalimuuma zaidi kwa sababu jibu alikuwa nalo. Alijifunga kanga upya kiunoni.

"Dhambi hiyo nitaijibia mwenyewe. Nipe kopo."

"Wewe utaleta pombe," Raymundi alisema, "lakini kopo usilishike wewe. Atakulilia, atakuapiza, atakukumbusha harusi yenu, na utamwongezea. Ndugu zake vilevile. Anatakiwa mtu asiyeweza kumwonea haya, naye asiyeweza kumkasirikia."

Wote wawili wakamtazama Elieza. Wanyamwezi, watu wa akina Twalibu, na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokatiza Ugogo na mizigo mabegani, wakaugua huko, wakazikwa huko. Mtani hukutukana msibani na unacheka. Mtani hukunyang'anya chakula mdomoni na unamshukuru.

"Genge langu liko hapa mwezi mzima," Elieza alisema. "Kumtesa Mnyamwezi kwa amri ya daktari, kazi kama hii naipata wapi tena?"

*

Kilabu cha Usoke kilikuwa nyuma ya stesheni. Maua alifika saa tano asubuhi na ndoo yenye mfuniko, baibui amelibana hadi kidevuni. Kelele zilikoma kidogo, kisha zikarudi kwa namna nyingine.

"Karibu, ustadhati," mmoja alisema. "Leo darsa ni kuhusu nini?"

Wakacheka. Maua alimfahamu. Mtu huyo alisoma kwa baba yake Maua kule Ng'ambo, akafukuzwa kwa kuiba viatu vya wenzake mlangoni.

"Leo nimekuja kununua," alimjibu. "Darsa lako wewe halikuwahi kukuingia."

Kicheko kikahama upande. Nyanzobe, mama muuzaji, akamwuliza anataka kiasi gani, na Maua, aliyejua bei ya kila kitu sokoni Tabora kuanzia nazi hadi udi, hakujua hata pombe inaulizwaje. Alisema, "Ya wiki." Watu wakacheka tena, safari hii Nyanzobe mwenyewe akicheka nao, si kwa ubaya.

"Mama, ya wiki itachacha ikuue. Njoo kila siku, nitakuchujia safi. Mgonjwa?"

"Mgonjwa. Anapimiwa."

"Mume wangu sikumpimia," Nyanzobe alisema, akamjazia ndoo. Kwenye bei alipunguza senti ishirini.

Kurudi ndiko kulikomwumiza Maua. Mfuniko haukukaza, na kila alipokanyaga shimo pombe ilimwagika kidogo kwenye baibui. Kisimani wanawake waliitika salamu yake huku pua zimekunjamana. Aliona haya hadi masikio yakawaka moto. Lakini hakuitua ndoo, wala hakubadili njia. Siku ya pili alipita palepale, na siku ya tatu aliwaamkia kabla hawajanyamaza.

*

"Kidogo tu juu ya mstari," Twalibu alisema. Alikuwa ameegemea ukuta barazani, blanketi mabegani, midomo imekauka.

Elieza alilishika kopo mbali. "Nilisikia Mnyamwezi ni mpagazi. Kumbe mzigo wa mstari mmoja unakushinda?"

"Mgogo wewe, ukoo wenu mmekula kwetu muda mrefu. Babu yangu alipita Ugogo na pembe za ndovu, babu zako wakamtoza hongo kwa maji ya kisima. Na wewe unanitoza mimi."

"Nakutoza. Hongo yangu ni ugali. Ukila matonge sita unapata kopo. Ukibaki na matano, nakunywa mimi."

"Hunywi. Wewe ni mlokole."

"Nitamwaga, basi."

Twalibu alilia machozi ya kweli, akala matonge sita. Mara mbili aliyatapika, na Elieza akaanza kuhesabu upya bila huruma. Siku ya tatu Twalibu alimtukania wazazi. Elieza akamwambia amesahau shangazi, amtukanie na yeye, asionekane ana upendeleo. Maua alikuwa jikoni anapuliza moto, akacheka hadi akaketi chini. Hakukumbuka mara ya mwisho kucheka ndani ya nyumba ile. Siafu walikuwa hawajaonekana tena.

*

Siku ya nne Maua aliitwa kwenye mkutano, aje na ndoo yake.

Raymundi alikuwa amekwenda wilayani kufuata dawa, nayo kamati iliijua nafasi hiyo. Mzee Abasi aliketi nyuma ya meza mbele ya ofisi, watu wameketi chini mbele yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha peleka barua.

"Ndugu zangu," alisema, "wote tulivunja mitungi. Tukamzika Jilala. Leo ndugu Maua anapitisha pombe kisimani mchana kweupe. Kesho kila mlevi atasema anapimiwa. Kijiji hakiwezi kuwa na sheria mbili. Ng'washi, mwaga."

"Ndugu Mwenyekiti," Maua alisema, "nilisimama hapa nikasema afungiwe. Nilikosea. Nimekosea mbele yenu, nakiri mbele yenu. Zimebaki siku sita. Ukiimwaga leo, jioni ataanguka tena, na sindano hakuna."

"Hayo ni maneno ya Raymundi."

"Ni maneno yangu. Mimi ndiye niliyemshika kichwa."

Ng'washi aliinama, akaishika ndoo, hakuimwaga. Alimtazama Mwenyekiti kama mtu anayeomba aambiwe kitu kingine. Twalibu alikuwa ameketi mstari wa mbele na blanketi lake, na mikono yake ilikwisha anza kutikisika, maana saa nane ilikuwa imefika.

Hapo Elieza akapita katikati ya watu. Hakuwa mwanakijiji, lakini mtani haalikwi. Alivua kofia, akajinyoosha chali mbele ya meza, mikono ubavuni, akafumba macho.

"Mimi ni Twalibu," alisema kwa sauti ya puani. "Nimefariki leo saa nane na robo. Ndugu Mwenyekiti amemwaga dawa yangu. Sanda iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Ndivyo watani wanavyofanya misibani, hulala kaburini wakajifanya marehemu, hawatoki mpaka wapewe kitu.

"Mtani, inuka," alisema Mzee Abasi, na mdomo wake wenyewe ulikuwa unapigana na kicheko.

"Siinuki. Umenifungia wewe, nizike wewe. Kaburi lichimbwe ghalani, nimekwisha pazoea. Na ile barua kwa Katibu Tarafa iongezwe mstari mmoja, kwamba ulevi umekwisha na mlevi naye amekwisha. Mabomba ya mabani atayaziba nani? Msiniulize mimi, mimi ni maiti. Maua, mke wangu, usilie sana, hawa watu walikuwa na nia njema."

Kicheko kilipungua upande mmoja, kisha upande wa pili, kikafa kabisa. Waliokuwa mbele walikuwa wanamtazama Twalibu, ambaye alikuwa anautazama msiba wake mwenyewe akiwa hai, jasho linamtoka. Mjane wa Jilala aliinuka, akafunika uso kwa kanga.

"Mwenyekiti," Twalibu alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuzungumza mkutanoni hapo akiwa na akili zake. "Mimi ni mlevi. Mnajua nyote. Lakini sitaki kuzikwa. Nataka kipimo changu cha saa nane, na kesho pungufu yake."

Mtu hamkasirikii mtani mbele za watu, angejivunjia heshima yeye na ukoo wake. Mzee Abasi alitia mkono mfukoni, akatoa thumni.

"Haya, maiti. Chukua uinuke."

"Sitaki fedha," Elieza alisema bila kufumbua macho. "Nataka ufunguo wa ghala."

Mwenyekiti aliuvuta ufunguo kutoka kwenye kamba shingoni, akaupima kiganjani. Alizunguka meza, akainama kwa shida kama wainamavyo watu wa umri wake, akauweka juu ya kifua cha Elieza.

"Asifungiwe mtu tena," alisema. "Ng'washi, mpe mama ndoo yake."

*

Siku ya kumi na moja kopo lilibaki limefunikwa. Twalibu alitembea barazani kutoka nguzo hadi nguzo tangu asubuhi mpaka jua lilipotua, Elieza ubavuni akimtukana polepole. Haikuisha hapo. Mara mbili katika mwezi ule Maua alimkuta mumewe ameketi njiapanda ya Usoke bila sababu, na mara zote mbili alirudi naye nyumbani bila kumwuliza kitu. Lakini mikono ilitulia. Ilikamata lihamu, ikaziba mabomba ya mabani mawili kabla ya mavuno.

Maua hakungoja kutumwa. Alikwenda kwa balozi mmoja hadi mwingine, kila mmoja na nyumba zake kumi, akamlaza Ng'washi chini mbele ya watu na kuwaonyesha: ubavu, goti moja mbele, mdomo uelekee chini, mtu abaki naye, kofia usoni mwiko. Ng'washi alikoroma vizuri sana hata watoto wakataka na wao walale. Wanaume waliotazama kando, mikono kifuani, Maua aliwaita kwa majina wamgeuze wenyewe. Walimgeuza. Siku moja waliokuwa na Jilala kwenye bao walikuja wakiwa watatu, wakarudia mara nne nne, na hakuna aliyewaambia basi.

Twalibu naye alisema mistari ndani ya kopo inadanganya, mwenye kiu huuona wa juu tu. Akakata madebe, akafua vikombe kumi vya bati, kila kimoja kidogo kuliko mwenzake, vinaingiana vyote ndani ya kimoja. Raymundi alivitaka zahanati. Twalibu alisema vikae kwanza nyumbani kwake siku chache, avisugue kingo zisimkate mtu mdomo.

Siku hizo ndipo Mwanamkuu alipokuja. Alikuwa mke wa Mzee Abasi na kiongozi wa akina mama wa kijiji. Alipita mlango wa mbele, mchana, na Maua akasimama kumpokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mwanamkuu alitazama vikombe vilivyopangwa juu ya mkeka. "Ndivyo vipimo hivi?"

"Ndivyo."

"Mgonjwa anaanza na kipi?"

"Inategemea anakunywa kiasi gani. Nani anaumwa, mama? Ni Mzee?"

"Mzee hajapata kuonja tangu azaliwe." Mwanamkuu aliketi kwenye mkeka, akakunja miguu, akaikumbatia mikono yake ndani ya kanga. "Nimebakiwa na chupa moja ya moshi. Naificha kwenye mtama. Ikiisha keshokutwa, sijui itakuwaje, na nimekwisha ona inavyokuwa."

Maua hakuuliza tangu lini. Alimtazama mwanamke yule aliyekuwa amekaa wima kama yuko mkutanoni, akajua ni safari gani amesafiri kutoka nyumbani kwake, nyumba sita tu, kufika pale. Moyo ulimjaa, na alitaka sana kumshika mkono, ila aliona hakuja kushikwa mkono.

"Mzee anajua?"

"Atajua leo. Nimekuja kwako kwanza ili nikimwambia niwe nimekwisha anza." Mwanamkuu alimgeukia Twalibu, aliyekuwa ameacha kusugua. "Utanishikia kikombe wewe, fundi?"

Twalibu alikitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwake, akakiweka chini mbali naye.

"Hapana, mama. Mimi bado siwezi kukaa karibu nacho kikiwa na kitu ndani." Aliinuka, akapangusa magoti. "Nakwenda gengeni kumwita mtani."

Maua alivitenganisha vikombe, akachukua kile kikubwa kuliko vyote, akakiweka mbele ya Mwanamkuu. Kisha akateremsha ndoo kutoka ukutani na kuvaa baibui lake.